Neno Moja Jikoni

Bi Kibibi alikuwa na neno moja tu la Kiingereza, okei, na asubuhi hiyo ilibidi limtoshe. Binti yake Zumra, aliyeahidi kuwatafsiria, alikwenda kutiwa hina akamwachia jikoni mama wa bwana harusi wake, aliyefika jana kutoka ng'ambo, amekaa wima kama mtu anayesubiri sindano.

Bi Kibibi akamkalisha kwenye mbuzi, akamtia nusu ya nazi mkononi. "Okei?" Utaweza?

Mgeni akakuna, akajikwaruza kidole, akakinyonya. "Okei," akasema. Si kitu.

Alipokaribia kukuna kifuu, Bi Kibibi alipiga kelele, "Okei, okei!" na mgeni akaacha papo hapo. Na Bi Kibibi alipoonja tui, aliivuta okei yake ndefu mpaka wote wawili wakaangua kicheko.

Halafu akakumbuka kwamba Jumapili mama huyu anaondoka na Zumra. Akaangua kutoka ukutani kikombe cha bati ambacho Zumra alikinywea uji tangu utotoni, akampa kwa mikono miwili.

"Okei?" Hakukiachia bado.

Mgeni alikitazama kikombe, akakibana kifuani. "Okei," alisema polepole, kama anayekula kiapo.

Zumra aliporudi, mikono juu hina isiharibike, jikoni kulikuwa na okei na vicheko mtindo mmoja. Akasimama mlangoni. Aliona haya kuwakatiza watu wazima maongezi yao.