Baba Hana Mvi

Ilikuwa Jumatano, saa kumi jioni, na manyunyu yalikuwa yakianguka. Kwa sheria, mtoto wa mfungwa hulelewa na kivuli chenye sura na sauti ya mzazi wake, nacho huzimwa mtoto akimtambua mzazi aliyerudi. Zamzam alimfungulia mlango kaka yake Athumani, aliyetoka gerezani baada ya miaka sita.

“Mama, nimerudi,” Athumani alimwambia bintiye, aliyempa jina la mamaye.

“Shikamoo, mjomba. Baba huniita Rukia.”

“We Rukia, mtazame vizuri!” Zamzam alisihi.

“Nimemtazama, shangazi. Baba hana mvi.”

Rukia alirudi mezani. Kivuli kiliendelea kumfundisha kugawanya. Zamzam alibandika chai. Athumani aliketi barazani, akaisikiliza sauti yake mwenyewe ikitoka ndani.