Kijana wa Kunawisha

Saa saba mchana, baada ya maziko, masinia ya pilau yalikuwa tayari jamvini na hakuna aliyekuwa amenawa. Desturi ya mtaa ule ilijulikana: aliye mdogo kuliko wote hushika birika na beseni, akawanawisha wakubwa zake. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya Mbaruku. Asubuhi hiyo walikuwa wamemzika Mbaruku.

Sefu Machano, mwenye miaka sitini na mmoja na goti bovu, alizitazama nyuso moja moja. Zote zilikuwa za wakubwa zake. Vijana walikwisha kuhamia ng'ambo ya jiji, kwenye nyumba mpya.

“Kijana, pilau inapoa,” alisema Mzee Dachi.

“Kijana gani? Mimi nina wajukuu sita!”

“Wako wapi?”

“Si unajua wako wapi.”

“Basi shika birika. Mjukuu wa kwenye simu hanawishi mtu.”

Wazee walicheka, mmoja wao akapaliwa.

Sefu alisimama kwa kujishika ukutani. Alianza na Dachi, akawanawisha wote mpaka mwisho wa jamvi, akiinama na kuinuka huku akiuma meno. Kisha alilitua birika mbele ya Dachi, akakaa, akainyoosha mikono yake mikavu juu ya beseni.

“Na mimi ananinawisha nani?”

Dachi alilitazama birika. Mikono ya Sefu ilibaki pale pale juu ya beseni, na hakuna aliyegusa pilau.