Fulana ya Njano

Mtunza vifaa alirusha fulana ya njano, na Rula akainua mkono kuidaka kama kawaida yake. Fulana ikampita juu ya kichwa, ikatua mikononi mwa mchezaji mpya wa kiungo.

Mkono ukabaki hewani. Akaushusha taratibu, akajikuna kisogo.

Fulana za njano za mazoezini huvaliwa na wale watakaoanza mechi ya kesho. Rula alikuwa akivaa ya kwake tangu hajaota ndevu, kwenye klabu hii hii, na asubuhi hiyo tu alikuwa amewakatalia tena watu wa klabu kubwa waliompigia simu. "Mimi nina kwetu," aliwaambia.

"Mzee wa kazi," kocha alimwita bila kumtazama usoni. "Leo tuchezeshee." Akavua filimbi shingoni kwake, akampa.

"Sawa, kocha."

"Refa, usitubanie tu," beki mmoja akatania. Wachache wakacheka, halafu wakaacha.

Filimbi ilikuwa bado na joto la mdomo wa kocha, na mate kidogo. Rula akaipuliza, mpira ukaanza.

Mara yule beki akanyang'anya mpira na, kwa mazoea, bila kuinua macho, akampasia Rula.

Mguu ukautuliza wenyewe. Wote wakasimama, wakimtazama na filimbi yake mdomoni.

Winga wa kushoto tu ndiye ambaye hakugeuka. Alikuwa ameshaanza kukimbia, akiisubiri pasi.