Moyo wa Fundi Rangi

Fundi rangi alijifungia chooni akameza kidonge, huku akiimba kwa sauti ili mkewe asisikie pakiti ikichakarika. Hakujaliwa kuimba. Hata paka alihama.

Kwa miezi sasa moyo wake ulikuwa ukienda kama mlevi anayeshuka ngazi: mara mbio, mara unasita, mara unajikwaa. Daktari aliutajia ugonjwa jina refu, kisha akafupisha: moyo unatetema. Akampa dawa ya kupunguza kasi, na nyingine ya kuzuia damu isigande ikapanda kichwani.

"Ukiiruka hii ya pili, unajiitia kiharusi," alimwonya.

Fundi hakuiruka. Kilichomshinda ni kumwambia mkewe. Angejua tu, ngazi ya kazi ingeuzwa kesho yake. Na yeye ndiye aliyejigamba mtaa mzima kwamba hajui hata mafua! Basi kila siku ya kliniki aliaga anakwenda kununua brashi. Stoo ikajaa brashi za kupaka rangi mji na vitongoji vyake.

Leo daktari alikuja na jipya. "Dawa peke yake hazitoshi, mzee. Tutaushtua moyo kwa umeme wewe ukiwa usingizini, urudi kwenye mwendo wake. Moyo ukigoma, tutapitisha mrija mwembamba kwenye mshipa, tuchome pale panapoleta fujo. Ila siku hiyo uje na mtu wa nyumbani."

Mtu wa nyumbani! Heri umeme.

Alitoka akajibwaga kwenye benchi la ukumbini. Kuinua macho, mkewe huyo, amesimama mbele yake, ameduwaa.

Kanifuata, fundi akawaza. Kaona nachelewa, kadhani nina nyumba ndogo.

"Mama watoto, naapa si mwanamke!" akaropoka, na benchi zima likageuka. "Ni moyo! Brashi zote zile ni uongo. Naogopa umeme, naogopa mrija, na wewe nakuogopa kuliko vyote viwili!"

Mkewe aliketi polepole kando yake, akamshika mkono, midomo ikimcheza kama mtu asiyejua acheke au alie.

Mlango wa chumba cha daktari ukafunguka, muuguzi akachungulia.

"Mama, karibu, ni zamu yako. Vipi, mzee wako umeshamwambia, au bado unahofia moyo wake hautastahimili?"