Siku Mia na Themanini

Kila asubuhi, kabla hajaonja uji, Mzee Marselino alimuuliza binti yake swali lilelile: siku zimebaki ngapi?

"Arobaini na moja, Baba," Limi akajibu.

Mzee akatikisa kichwa, ndipo akanywa.

Hazikuwa siku za mzee kuishi. Zilikuwa za Limi. Kwa miaka saba alikuwa Muscat, Omani, akimtunza bibi mmoja aliyepooza, na kadi yake ya ukaazi ilikuwa na sharti ambalo baba yake alilikariri kama amri za Mungu: ukikaa nje ya Omani zaidi ya siku mia na themanini, kadi imekufa. Alikuja nyumbani Kharumwa kwa likizo ya mwezi mmoja. Akamkuta baba yake hawezi kulala chali, miguu imevimba, moyo umetanuka. Mama alishatangulia, na Cornel, kaka yake, alikuwa na mji wake Masumbwe. Likizo ikaisha. Limi hakuondoka.

Kadi ile Mzee aliijua kuliko Limi mwenyewe. Kila aliyekuja kumjulia hali alisimuliwa jinsi mabosi wa Limi walivyokwenda kupumzika Georgia, kwenye milima ya theluji, wakamchukua ili asukume kiti cha bibi. Pale uwanja wa ndege askari akaitazama kadi, akagonga muhuri. Bila viza. Mwaka uliofuata wakaenda Armenia, na viza akapewa palepale dirishani, amesimama. Watanzania wenzake wanaotoka nyumbani, Mzee aliwaambia wageni, wangeomba kwanza na kungoja majibu. Huyu anaonyesha kadi tu. Alikuwa amechimba dhahabu miaka thelathini, hakutoka na kitu ila kifua kibovu. Sasa alikuwa na cha kujivunia.

Zilipobaki siku thelathini, Mzee alianza kumsihi aondoke. Limi akasema ataondoka baba akipata nafuu.

"Na nisipopata?"

"Utapata."

"Mayu," akasema. Alimwita hivyo, yaani mama kwa Kisukuma, kwa kuwa Limi lilikuwa jina la mama mzazi wa Mzee mwenyewe. "Usipoteze kadi kwa ajili ya mtu anayekufa."

Limi akatoka nje kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Kesho yake Mzee aliomba aachiwe dawa azimeze mwenyewe. Mikono yake ilikuwa bado mizima, alisema, na kulishwa vidonge kama mtoto kulimtia aibu. Limi alifurahi, aliona ni dalili ya nafuu. Tangu hapo akawa anamwekea vidonge kiganjani, na kikombe cha maji pembeni, kisha anarudi jikoni.

Baada ya wiki moja uvimbe ulifika magotini. Tabibu wa kituo cha afya akaongeza dozi. Uvimbe ukapanda mapajani. Akaongeza tena, kisha akamvuta Limi pembeni, akamwambia hajawahi kuona dawa zikimkataa mtu namna ile, ampeleke Geita hospitali kubwa. Mzee akakataa. Hakutaka kufia barabarani, alisema, na hakuna aliyeweza kumbadilisha nia.

"Leo ngapi?" aliuliza, pumzi ikikatika.

"Kumi na moja."

"Zinatosha. Tiketi inapatikana kwa siku moja?"

"Inapatikana, Baba."

Alifariki siku tatu baadaye, asubuhi, ameegemea ukuta, kabla hajauliza swali lake.

Walimzika kesho yake. Matanga yakaanuliwa haraka kuliko desturi, na wazee wa ukoo hawakunung'unika, maana marehemu mwenyewe alikuwa amemwagiza Cornel: nikifa, msimcheleweshe Limi.

Siku ya safari, zikiwa zimebaki siku nne, Limi alitoa godoro la baba yake nje lipigwe jua. Mshono wa ubavuni ulikuwa umefumuliwa. Akaingiza mkono ndani ya sponji, akatoa vidonge. Vyeupe vya kupunguza maji mwilini. Vya manjano vya moyo. Akaingiza mkono tena, na tena. Ilikuwa dozi ya wiki tatu nzima. Hakuna kidonge hata kimoja alichokuwa amemeza.

Limi aliketi chini, vidonge vikiwa kwenye upande wa kanga yake. Cornel akatoka ndani na begi lake, akaona, akaelewa. Alichuchumaa, akamshika bega.

"Amekufa ili uwahi," akasema. "Usimwangushe. Basi la Kahama linakaribia kupita."

Limi akanyanyuka. Akachukua begi.

Majirani walimsindikiza hadi barabarani. Shangazi Mageni alimshika kichwa kwa mikono miwili, akamwombea kwa Kisukuma avuke maji salama, na asisahau kwamba ni mzee gani aliyempisha njia. Basi likaja. Limi akapanda, akakaa dirishani, akawapungia mkono mpaka vumbi likawafunika.

Kisha akatoa simu, akausoma tena ujumbe wa bosi wake, ambao tangu uingie, miezi miwili iliyopita, hakuwa amemwonyesha mtu.

"Limi, pole kwa kuuguza. Tumempata mwingine wa kumtunza mama. Ukaazi wako tumeufuta leo, usijisumbue kurudi. Tunamwombea baba yako apone."