Gari la Baba Tisa

Dereva wa basi alipiga simu saa mbili na robo asubuhi kusema gia zimekataa kuingia, na kwamba yeye si Mungu.

Mama Kipa alikata simu. Alikuwa amesimama nje ya geti la uwanja wa mazoezi na wasichana kumi na mmoja wenye jezi za kijani, mifuko miwili ya mipira na faili la fomu. Nusu fainali ilikuwa mji wa jirani, mwendo wa saa nzima. Majina yangeitwa saa nne kamili. Timu isiyotimia inatolewa, na jasho la msimu mzima linakwenda na maji. Kocha alikuwa ametangulia tangu alfajiri.

Aliandika kwenye kundi la wazazi: "Basi limeharibika. Nani ana gari? Jibuni sasa hivi."

Walijibu. Baba Mbili alikuwa kwenye kikao. Mama Kumi alituma picha ya mikono iliyofumbatana. Baba Nne, ambaye wiki iliyopita alimfokea kocha mechi nzima kwa sababu mwanawe alipangwa beki, alisema gari lake halipendi vumbi. Mmoja akauliza kama watoto watapewa soda.

"Kulalamika wako mbele, kubeba wako nyuma," Mama Kipa alisema, akaisukuma simu mfukoni.

Kazini kwake, bohari ya dawa, hakuna boksi lililotoka mlangoni bila sahihi mbili. Hapa alikuwa akiwabembeleza watu wazima wasioweza kujibu ndiyo au hapana.

Wa kwanza kutokea alikuwa Mama Sita, fundi cherehani, siti ya nyuma imejaa vitambaa. Walivihamishia kwenye buti, wasichana wanne wakaingia, gari likaondoka.

Walibaki saba. Gari la Mama Kipa mwenyewe lilikuwa na nafasi nne, na moja ilikuwa ya Tisa, mshambuliaji wao, ambaye hakuwa amefika. Bila Tisa hakuna magoli.

Hapo ndipo gari jeupe liliposimama mbele yao.

"Mbona mmesimama kama mizigo?" aliuliza Baba Tisa akishusha kioo.

"Basi limekufa. Hujasoma kundi?"

"Simu yangu kimeo tangu Jumatano."

Pale uwanjani wazazi waliitwa kwa namba za jezi za watoto wao. Binti wa Mama Kipa ndiye aliyelinda goli, basi naye akawa Mama Kipa. Huyu wa gari jeupe, Mama Kipa mwenyewe ndiye aliyembatiza mwanzoni mwa msimu, alipomsikia akiita, "Tisa, panda juu." Mwanaume alicheka, na jina likashika. Tangu hapo walisimama pamoja kila Jumamosi pembeni mwa mstari wa chaki, yeye na katoni yake ya maji ya watoto, Mama Kipa na malalamiko yake. Ndiye mzazi pekee aliyemsikiliza bila kuanza kumsifia mwanawe.

"Nipe wanne," alisema sasa, tayari ameshafungua milango.

"Mungu akuweke. Wangekuwa wote kama wewe nisingekuwa na presha."

"Acha, mama. Watoto ni wetu sote."

"Na Tisa? Saa zinakwenda."

"Si anakuja na mama yake? Wewe msubiri, mimi niwahishe hawa. Nipe na kipa. Timu bila kipa hata uwanjani haiingii."

Ilikuwa hoja ya maana, na asubuhi ile hakuwa amesikia nyingine. Alifungua faili. "Fomu ya ruhusa ya Tisa ninayo. Imesainiwa na mama yake."

"Basi tatizo liko wapi?"

Halikuwepo. Mama Kipa akawahesabu watatu, wakabanana nyuma. Binti yake alibaki amesimama, glavu zimening'inia shingoni.

"Mama, kwani siwezi kwenda na wewe?"

"Mimi namsubiri Tisa."

"Hata mimi naweza kumsubiri."

"Na ukichelewa nani adake, mimi? Panda mbele. Funga mkanda. Usinichoshe na wewe, nimeshachoshwa na wakubwa."

Mtoto akapanda. Baba Tisa akapiga honi moja fupi, gari likakunja kona.

Mama Kipa aliwapakia watatu waliobaki, akawapa mifuko ya mipira waipakate, akasimama kando ya mlango akiitazama barabara na saa kwa zamu. Kundi lilikuwa bado linajadili soda.

Saa tatu kasoro dakika tano, pikipiki ilifunga breki miguuni pake. Tisa aliruka chini, viatu vya mpira mkononi. Mwendeshaji, mwanaume mwenye ovaroli ya gereji, alivua kofia ngumu.

"Samahani sana, mama. Pancha. Mimi ni baba yake. Jumamosi zote huwa niko zamu, leo nimeomba ruhusa, nikasema nami nimwone akicheza walau mara moja."

Mama Kipa alimtazama. Akatazama ile kona ya barabara, kisha akamgeukia msichana.

"Tisa. Yule mwenye gari jeupe. Yule anayewaletea maji. Ni nani yako?"

Tisa alikuwa ameinama anafunga kamba za kiatu.

"Yule anayesimama na wewe kila Jumamosi?" alisema bila kuinua kichwa. "Mimi nilijua ndiye Baba Kipa."