Kobe na Tope la Chura

Jumatano, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Kobe, asiyevumilia uchafu, aliona tope kati ya paneli ya jua na shimo lenye mayai yake saba, yaliyobakiza siku mbili kuanguliwa.

“Wewe Chura, fundi gani huyu wa kuacha matope kazini?”

“Usiliguse, dada. Humo mna bakteria wanaopitisha umeme wa kupasha mayai yako joto. Ndio waya zetu.”

“Waya zisizoonekana! Nenda kaoge, bwana.”

Chura alipoondoka, Kobe alilisugua tope lote mpaka pakang'aa. Baridi ya kipupwe ikaingia shimoni. Jioni alitega sikio. Watoto waliokuwa wakigonga maganda asubuhi walikuwa kimya.

Kesho yake, saa tatu na dakika kumi, Kobe alirudisha tope palepale, akaketi kando ya mayai yaliyopoa, akingoja jua lipenye mawingu.